Marahaba Kutoka Gendabi

Vijana wangu, naandika haya nikiwa nimesimama kwenye meza ya kazi. Kiti kipo. Mke wangu hukisogeza nyuma yangu kila asubuhi, na jioni hukikuta palepale na vumbi lake. Miaka yote ya kazi nilikuwa juu ya pikipiki, leo Mbulu, kesho Hanang, nikitengeneza redio kolu, zile za kuitana kutoka kituo hadi kituo, za zahanati na za ofisi za kata. Mwili ulizoea kutikiswa. Sasa nimestaafu na sijui niuweke wapi.

Ninyi mnanisaidia kupitisha siku, japo mnanikera. Mnakuja hapa kijijini Daudi kila Jumamosi na redio zenu za ridhaa, hizi za kurusha na kupokea ambazo mtu mwenye leseni anazungumza na wenzake kwa kupenda tu, bila biashara. Nyingi ni za mitumba. Kabla sijamaliza kuitikia shikamoo zenu, Neema ameshafungua kifuniko anauliza, "Babu, hii tunaiongezaje wati?"

Wati, wati, wati. Redio ingekuwa ng'ombe, mngemwongezea pembe mkasahau maziwa.

Nitawapa habari ya wati, kisha mniache. Kijana mmoja tuliyefanya naye kazi, jina lake nalihifadhi kwa sababu sasa ni mtu wa heshima, alifungua redio ya kituo akakuta kile kiskrubu kidogo kinachorekebisha nguvu ya kurusha. Akakizungusha mpaka mwisho. Mita ikapanda, naye akafurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Jumapili asubuhi akaanza kuita vituo. Jirani palikuwa na kanisa lenye vipaza sauti vipya, na kila alipobonyeza kitufe, sauti yake iliruka ikaingia kwenye vile vipaza. Haikuingia kama maneno. Iliingia kama bata mwenye hasira. Mchungaji akanyamaza, bata akaendelea. Mzee mmoja wa kanisa akainama kumtafuta chini ya jukwaa la kwaya.

Wakati huohuo, vituo alivyokuwa akiviita havikuelewa hata neno moja. Ukiilazimisha redio kupita uwezo wake, sauti inapasuka, inamwagikia kwa jirani, na yule unayemtaka ndiye hakusikii. Mzee Bura alimrudishia kile kiskrubu mahali pake akamwambia, "Umeongeza kelele. Kusikika bado."

Huyo Mzee Bura ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa bosi wangu, alistaafu kabla yangu, na nyumbani kwake ni Gendabi, kule Hanang. Ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake leo. Mwaka huu nilikaribia kumpoteza huku nimeshika bisibisi, nikidhani ninachotengeneza ni redio. Mpaka leo moyo wangu haujatulia.

Lakini kwanza mjue alikuwa fundi wa namna gani, maana ninyi mnadhani ufundi ulianza na video za kwenye simu.

Kulikuwa na kituo kimoja kule Tumati ambacho kila kiangazi kilikuwa kinakufa. Mvua ikinyesha kinafufuka. Mimi nilibadilisha waya, nikabadilisha soketi, nikaanza kuitazama redio yenyewe kwa jicho baya. Mzee Bura alifika akaizunguka nyumba mara moja, akakuta ile nondo ya chuma tuliyoichimbia ardhini, inayopeleka umeme wa ziada chini. Udongo wake ulikuwa umekauka kama tofali. Akamwita mwenye nyumba ya jirani.

"Una ndama?"

"Ninaye."

"Tangu leo mfunge hapa."

Watu walicheka. Ndama akafungwa pale, akala pale, akakojoa pale, na udongo ukalowa chumvi na maji kiangazi kizima. Kituo hakikufa tena. Baadaye afisa mmoja kutoka mkoani alikuja kukagua, akauliza kwa nini kuna mfugo kwenye mitambo ya serikali. Mzee Bura akamjibu bila kutabasamu, "Huyo ni sehemu ya mitambo."

Jambo la pili, na hili liandikeni. Mnapenda kutundika waya wa antena juu sana, mnashindana na minara ya simu. Kwa kuzungumza na mtu wa ng'ambo, sawa. Lakini huku kwetu kuna milima kila upande, na kati ya Daudi na Gendabi mawimbi hayawezi kutambaa chini kwa chini. Ushusheni waya, ulale chini kiasi, hapo utarusha moja kwa moja angani, na mawimbi yatagonga kule juu yashuke upande wa pili wa mlima. Mzee Bura alinionyesha hilo kwa kunishusha mtini, tena kwa ukali, nikiwa nimejitahidi sana kupanda.

Sasa nakuja kwenye kipimo chake. Mafundi wengi wakijaribu redio huhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Mzee Bura alichukia kuhesabu. Alisema mtu anayehesabu anaongea kama chuma, humjui ni nani. Yeye alitaka tusalimiane. Mdogo atoe shikamoo yake yote, mkubwa aitikie marahaba yake yote, ndipo mguse vifundo vya redio, vile vya kuzungusha. Katika marahaba, alisema, kuna kila kitu unachohitaji: kuna sauti nene, kuna pumzi, kuna ule mkwaruzo wa r unaopotea kwanza redio ikiwa na kasoro. Na mtu huitikia marahaba ileile kila siku bila kufikiri. Mkiijua marahaba ya mtu, mna rula.

Nilifanya kazi hivyo miaka yote. Nilizijua marahaba za wazee wa vituo vyote, na nikisikia moja imekuwa nyembamba nilijua ni kifaa gani nibebe kabla hata sijawasha pikipiki.

Baada ya kustaafu, mimi na Mzee Bura tulichukua leseni za ridhaa. Kila asubuhi, ng'ombe wakishakamuliwa, mimi nawasha ya kwangu hapa Daudi, yeye anawasha ya kwake Gendabi. Simu tunazo. Simu ni ya kuulizana bei ya mahindi. Redio ilikuwa ya kuzungumza. "Shikamoo Mzee." "Marahaba, Safari. Mvua vipi huko?" Safari ndiye mimi, ninyi mmezoea kuniita Babu. Tunaongea juu ya mahindi, juu ya ndama, tunawasema wakubwa wetu wa zamani, tunazima. Siku yangu ilianzia pale. Nisipomsikia, hata chai naiona haina majani.

Mwaka jana wakati wa mavuno, marahaba yake ikaanza kufifia.

Nilifanya nilichofundishwa. Kwanza nikatafuta kelele. Nikazima kila kitu ndani ya nyumba, kimoja baada ya kingine, huku nimeweka sikio kwenye redio. Nikagundua chaja ya simu ya binti yangu inakoroma, na kile kifaa cha sola kinachochajia betri kinapiga mluzi. Chaja nikaitupa. Ugomvi wake ulidumu wiki nzima. Kifaa cha sola nikakihamishia bandani. Redio ikawa kimya kama maji ya mtungi, na marahaba ya Mzee ikasikika vizuri. Nikajisifu.

Baada ya siku kadhaa ikafifia tena.

Nikafungua redio. Nikatoa zile kapasita kuukuu za upande wa sauti, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilizokuwa zimevimba matumbo, nikaweka mpya. Nikabadilisha transista ya mlangoni, ile inayopokea mawimbi kutoka kwenye antena, nikaweka yenye utulivu zaidi. Neema, wewe ulikuwepo siku ile, ulinishikia taa. Unakumbuka nilivyokukaripia usipumue juu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka. Haikuwa kosa lako. Nilikuwa na haraka na sikujua haraka ya nini.

Ikawa nzuri. Ikafifia.

Nikaagiza filta kutoka Arusha, inayokata kila kilicho pembeni ya sauti ya mtu na kuacha sauti peke yake. Hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii. Nilisikia vituo vya mbali ambavyo sijawahi kuvisikia. Vijana mlikuja kutazama, mkapiga picha. Wote walikuwa wanaingia kama wamekaa sebuleni kwangu, isipokuwa mtu mmoja niliyemfanyia kazi hiyo yote.

"Mzee, ongeza sauti," nilikuwa namwambia.

"Redio yako hiyo," alikuwa ananijibu kwa mbali. "Itazame."

Naye ni mwalimu wangu. Akisema itazame, naitazama.

Mara mbili tatu nilipiga simu mchana, nimweleze nilichobadilisha. Kila mara alipokea mke wake, Mama Paskali. Mzee yuko shambani. Mzee amelala kidogo. Mzee ameenda kwa jirani. Sikushtuka. Fundi akishika kasoro moja hana nafasi ya nyingine kichwani.

Halafu ikaja asubuhi moja. Mzee alikuwa ameshika maiki, ananieleza habari ya ng'ombe wao, nami nimebandika sikio kwenye spika nakamata neno moja moja. Ghafla Mama Paskali akaita kutoka nje, mbali, nadhani jikoni, na jikoni lao liko ng'ambo ya ua. "Baba Paskali! Uji unapoa!" Sauti yake ikaingia hapa Daudi kubwa, safi, na r na p zake zote. Nilimsikia mpaka anavyomfukuza kuku.

Nilisimama katikati ya chumba. Mtu aliye ng'ambo ya ua anasikika kuliko mtu aliyeshika maiki mdomoni.

Sasa niwaambie fundi huyu mkongwe aliwaza nini, na mkicheka mna haki. Niliwaza maiki ya Mzee imepinda ndani, inasikia vya mbali na haisikii vya karibu. Nikatoka nikanunua maiki mpya. Nikaiweka kwenye begi na bisibisi zangu, nikapanda pikipiki nikaenda Gendabi.

Njia nzima nilikuwa nagombana naye kichwani. Kwa nini hakunieleza kuwa maiki imekufa? Anaona haya kwangu mimi?

Nilimkuta ameketi nje na koti lake zito, shingo ameizungushia skafu ya mkewe. Amekonda. Nikasimama mbele yake nikavua kofia.

"Shikamoo Mzee."

Akaitikia. Niliona midomo yake ikisema marahaba. Sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya redioni, nyembamba, imeishiwa r, imebaki pumzi. Hapakuwa na redio kati yetu. Hapakuwa na mlima wala waya wala chaja ya mtu. Mimi na yeye, hatua moja, na nilikuwa nasikia vilevile.

Begi likanishuka begani.

Mama Paskali alinivuta jikoni. Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. "Afadhali umekuja. Mimi nimechoka kukudanganya kwenye simu. Tabibu Rashidi wa zahanati amemwangalia kooni, amesema kuna kitu, aende hospitali ya rufaa mapema. Hataki. Anasema watamkata sauti."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno. Unajua anafanya nini? Akishamaliza kuongea na wewe asubuhi, haongei tena. Mimi ananionyesha kwa mkono. Wajukuu anawaonyesha kwa mkono. Siku nzima anatunza sauti ya kukupa wewe kesho."

Vijana, nimewahi kupigwa na umeme wa redio kubwa mpaka nikaangukia ukutani. Ule ulikuwa nafuu. Miezi yote ile nilikuwa nafungua na kufunga redio yangu, nampa Mzee kazi ya kusema kwa nguvu zaidi, "ongeza, Mzee, ongeza," naye anaongeza kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Na rula yangu, ile marahaba, ilikuwa imepungua yenyewe. Sikuwahi kufikiri kwamba rula inaweza kuugua.

Nikarudi kwake nikachuchumaa. Nikamwambia, "Mzee, twende hospitali."

Akatikisa kichwa. Kisha akanong'ona, na kila neno lilikuwa linamgharimu, "Wakiniondolea sauti, nitabaki nani? Hapa mimi ni mtu wa redio. Wewe utaongea na nani asubuhi?"

"Nitaongea na wewe."

"Nikiwa bubu?"

"Ukiwa bubu."

Akatabasamu kwa upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya kila afisa aliposema upuuzi. Tabibu Rashidi mwenyewe akafika, ametoka kazini. Ni kijana wa Lindi, mpole, ameshazoea baridi ya Hanang lakini haachi kulalamika. Alimsalimia Mzee kwa heshima, akakaa, akamweleza tena polepole kwamba uvimbe ulio kwenye nyuzi za sauti unaweza kuwa mdogo na unaweza kuwa mbaya, na hakuna anayeweza kujua kwa kutazama kutoka nje. Kinachojulikana ni kwamba kusubiri hakutaufanya upungue. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho kwetu mdogo hamfanyii mkubwa. Nikaingia chumbani kwake bila kuomba ruhusa. Nikachomoa waya wa antena, nikachomoa maiki yake, nikaitia kwenye begi pamoja na ile mpya. Nikatoka nayo nje mbele ya macho yake.

"Mzee, nisamehe. Kituo chako nimekifunga. Sauti unayonitunzia siitaki tena, maana inakuua. Nitakurudishia maiki ukitoka hospitali. Usipokwenda, hutaongea na mimi tena, na mimi sitaongea na mtu."

Alinyanyuka. Nilidhani atanichapa, na ningesimama anichape. Akanipita, akaingia ndani. Tukasikia sanduku linavutwa chini ya kitanda. Alipotoka alikuwa na viatu vyake vya kazini mkononi, vile vyeusi, na kitambaa cha kuvifutia.

Tulikwenda naye, mimi na mkewe. Walimtoa uvimbe, wakaupeleka kupimwa. Kusubiri majibu yale ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kukaa, na hata hapo sikukaa, nilitembea kwenye varanda ya hospitali mpaka muuguzi akaniuliza kama nimepotea. Majibu yakaja: haukuwa ule mbaya. Nililia mbele ya watu. Daktari akatuambia asiseme neno lolote mpaka kidonda kipone, hata kunong'ona, hasa kunong'ona. Na kuhusu sauti itakayorudi, akasema hawezi kuahidi.

Nilimrudishia maiki yake kama nilivyosema. Akaipokea kwa mikono miwili akaiweka kwenye dirisha.

Asubuhi zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilikuwa nawasha redio saa ileile na kuongea peke yangu. Shikamoo Mzee. Mvua hakuna. Ndama wa mke wangu anaharisha. Binti amenunua chaja nyingine, mbaya kuliko ya kwanza. Nikimaliza nanyamaza, nasikiliza, hakuna kitu, nazima. Sikujua kama amewasha. Sikutaka kumpigia mkewe kuuliza.

Neema ndiye aliyenikuta nimefungua redio tena. Nilikuwa natoa filta ile ya Arusha.

"Shikamoo Babu. Mbona unaiharibu?"

"Marahaba. Siiharibu. Nairudisha ilivyokuwa."

"Lakini si ndiyo inafanya sauti iwe nzuri?"

"Ndiyo maana naitoa," nilimwambia. "Akiongea, nataka nisikie alivyo."

Nilitoa filta, nikapunguza kila nilichokuwa nimekipandisha. Na ninyi, kabla hamjagusa redio zenu, swali langu ni hili: mnaiboresha ili mumsikie nani? Kama mna mtu, nendeni mkamwone kwanza uso kwa uso. Kisha mje, nitawapa filta hii bure na nitawaonyesha inavyofungwa.

Wiki iliyopita, baada ya kukamua, niliwasha kama kawaida. Nikatoa shikamoo yangu. Nikangoja. Spika ikafanya mlio ule wa mtu aliyebonyeza kitufe, nikasikia pumzi, kisha nikasikia sauti. Haikuwa ile yake ya zamani. Ilikuwa nzito, imechanika, kama gunia linaloburutwa sakafuni, na mwisho wa kila neno ilikatika.

"Safari. Mvua imenyesha huko?"

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye vifundo. Miaka yote hii umefundishwa hivyo, ukisikia sauti imechanika uishone. Ulikuwa umeshashika kifundo na vidole vimeanza kuzungusha. Nikautoa. Nikakivuta kile kiti, nikakaa, nikamwambia imenyesha kidogo.